SAMBAZA HAIKO KATIKA ZIWA LETU?



Katika namba hii ya gazeti letu niliombwa kuandika juu ya alama, maana yake kile kinachotenga kitu kimoja na vingine vya aina yake. Ningeweza kuandika juu ya mawe, miti au lugha. Nitaandika juu ya samaki, na nitaanza na kosa langu, kwa sababu bila lile kosa nisingejua kitu.

Jumamosi moja ya muhula uliopita nilituma mdogo wetu mmoja wa darasa la saba aende mwalo wa Kalundu kununua samaki ya internati. Munajua kama kazi ya chakula iko mikononi mwa kapita, na kapita ni mimi. Mtoto ule alitoka Bukavu, hakuwa hata na miezi miwili hapa Uvira. Alirudi na beseni imejaa, akaandika katika kaye ya matumizi: "Sambaza, beseni 1." Nikasoma, nikamuita.

– Hii sambaza umeitoa wapi?

– Yaya, ni hii hapa.

– Sambaza ni samaki ya Kivu. Hapa tuko na ndakala, tuko na lumbu, tuko na mukeke. Sambaza haiko katika ziwa letu. Umeandika kitu ambacho hakiko. Feza imeenda wapi?

Akaanza kulia. Sikumsikiliza. Nikampa siku tatu za kuchota maji ya jikoni, na kando ya jina lake katika kaye nikaandika kwa biki nyekundu neno moja: "uongo".

Jumatatu yake mwalimu wa biologia akapita kuangalia hesabu. Alipofika kwenye ile neno nyekundu akacheka, kisha akaacha kucheka. Aliniambia: "Mtoto amesema kweli, na wewe finalisti wa biologia unamuadhibu juu ya ujinga wako." Nilienda kumuomba mtoto msamaha mezani mwake, mbele ya wenzake, na neno nimelifuta. Lakini wengi walinisikia nikimuita muongo, na wengi, nimeuliza, wanawaza kama nilivyowaza mimi. Ndiyo sababu makala hii ni ndefu kidogo. Munivumilie.

Sambaza ya Bukavu ni lumbu yetu. Haifanani tu na lumbu, ni lumbu yenyewe. Wataalamu wanaiita Limnothrissa miodon, na jina hilo ni moja Uvira, Bukavu, Goma na pote.

Ilifikaje kule? Wengi watasema ilipanda kwa Ruzizi, kwa kuwa Ruzizi inaunga maziwa yote mawili. Haiwezekani. Ziwa Kivu liko juu, metre karibu 1460 kupita usawa wa bahari, na letu liko kwenye metre karibu 770. Ruzizi inatelemka hizo metre karibu 700 kwa maporomoko na makorongo kabla haijafika katika uwanda, na samaki ndogo kama kidole haipandi pale. Ndiyo maana maziwa haya mawili, hata kama maji ya moja yanaingia katika lingine, samaki zao ni mbali kabisa. Letu liko na aina zaidi ya 250, Kivu haifiki hata 40. Na zamani Kivu haikuwa na samaki yoyote inayoishi katikati ya maji mapana ikila vile vidudu vidogo vinavyoelea. Chakula kilikuwako, mlaji hakuwako.

Basi toka mwaka 1958 mpaka 1960 watu walitwaa vitoto vya samaki katika Tanganyika, vya ndakala na vya lumbu pamoja, wakavipandisha na kuvimwaga katika Kivu. Ndakala haikuendelea. Lumbu ikakaa, ikazaa, ikajaa ziwa lote. Watu wa kule wakaipa jina la sambaza, na leo mtoto wa Bukavu anazaliwa na kukua akila sambaza bila kujua kama mababu ya ile samaki ni watu wa Uvira kama mimi. (Nilipomwambia hivyo yule mdogo wetu, alijibu: "Basi Yaya, ni ninyi ndio munakula sambaza yetu bila kujua.")

Si Kivu peke yake. Mwaka 1967 na 1968 samaki hii hii ilipelekwa katika ziwa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, ambalo ni ziwa la barrage. Kule inaitwa kapenta. Toka Kariba ikatelemka yenyewe na mto Zambezi mpaka Cahora Bassa, katika Msumbiji. Majina matatu sasa: lumbu, sambaza, kapenta. Na jambo la kunishangaza: katika Kariba inabaki ndogo sana kuliko hapa. Kwetu lumbu mzima anaweza kufika sentimeta 17. Ungeweka lumbu mkubwa wa Kalundu na kapenta ya Kariba juu ya sahani moja, ungeapa kama hazijuani.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu lilikuwa la namna gani. Nilishika jina na ukubwa, vitu viwili ambavyo jicho na sikio vinakamata kwanza. Vyote viwili havitengi samaki hii na ingine.

Jina linadanganya hata kwa njia ya kinyume. Ndakala yetu, Bujumbura wanasema ndagala, Kigoma wanasema dagaa. Ni samaki moja, Stolothrissa tanganicae. Lakini mwenye kutoka Mwanza naye anasema dagaa, na dagaa yake kavu inafika kwa magunia mpaka kwetu Congo. Ile si ndakala. Ni Rastrineobola argentea ya ziwa Victoria, ambayo watu wa Kenya wanaita omena na Waganda mukene, na ni ya jamaa ingine kabisa. Ndakala na lumbu ni jamaa ya sardini, zile za bahari tunazokula katika mikebe. Dagaa ya Mwanza ni jamaa ya karpe. Yaani lumbu na sambaza, majina mawili, ni samaki moja, na dagaa na dagaa, jina moja, ni samaki mbili ambazo hata undugu wa karibu hazina.

Sasa utazitambuaje kama jina halisaidii? Mwalimu alinifundisha nisianze kwa kuuliza "hii ni samaki gani?" Kwanza uulize "hii ni ya jamaa gani?" Kila jamaa iko na alama yake, na mara nyingi iko pahali ambapo hakuna mtu anaangalia.

Chukua ndakala mbichi. Angalia ubavu wake. Samaki nyingi ziko na mstari mwembamba unaotoka nyuma ya kichwa kwenda mkiani. Ni vitundu vidogo katika magamba, na kwa njia ile samaki inasikia maji yakitikisika. Ndakala haina. Lumbu haina. Jamaa ya sardini hawana ule mstari mwilini. Dagaa ya Mwanza iko nao. Tena chini ya tumbo la sardini kuna magamba yaliyokazika, yamepangana katikati; kwa ndakala si makali, lakini ukiweka lupu ya laboratware utayaona. Dagaa ya Mwanza haina. Nimeangalia mimi mwenyewe na samaki kavu kutoka soko, nikailoweka kwanza usiku mzima katika maji. Chumba chetu kilinuka na wenzangu walilalamika, lakini mstari nikauona.

Kati ya ndakala na lumbu wenyewe ni vigumu zaidi, maana ni ndugu. Ndakala ni mwembamba, haipiti sentimeta 10. Lumbu iko na mwili mpana kidogo toka mgongo mpaka tumbo. Lumbu mkubwa hakuna wa kukosa kumtambua. Taabu ni lumbu mtoto, ambaye ni wa kipimo cha ndakala na anafuata taa katika kundi moja nayo, usiku pasipo mwezi. Mama mmoja muuzaji wa Kalundu alinionyesha: anamlaza samaki juu ya kiganja, haangalii urefu, anaangalia tumbo. Anatenga beseni nzima wakati mimi ningali na samaki ya kumi. Tena lumbu akikomaa anakula hata watoto wa ndakala, vile vile anakula vidudu. Ndakala hafanyi hivyo.

Lakini kuna mgeni mwingine katika beseni, na huyu ni wa maana kuliko wote, ni nyamunyamu. Ikiwa munakula ndakala hapa internati na munasikia kitu kinachoma ulimi, si mpishi aliyefanya vibaya. Nyamunyamu ni mtoto wa mukeke. Ni mweupe wa feza kama ndakala, mwembamba kama ndakala, urefu ni ule ule, na anafuata makundi ya ndakala kwa kuwa mukeke wanakula ndakala. Nyavu yenye macho madogo haijui kuchagua.

Alama yake iko mgongoni. Ndakala iko na pezi moja tu ya mgongo, laini, haina mwiba. Nyamunyamu iko na mbili, na ile ya mbele ni miba mitupu. Pitisha kidole pole pole toka mkia kuelekea kichwa. Ukichomwa, hii si ndakala. Ni mukeke, Lates stappersii, ambaye angeachwa angepita sentimeta 40 na kutosha watu wawili mezani. Katika beseni anauzwa kama kitu cha kukaanga na kutafuna pamoja na kichwa. Wavuvi wanajua. Nimewauliza, wakasema: "Tutafanya namna gani, mtoto wangu? Wavu ukipanda, umekwisha kupanda." Sina jibu la kuwapa. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa ziwa toka tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki zizae na ndogo zikomae. Nani analisha nyumba ya mvuvi hiyo miezi mitatu, hilo ni neno la makala ingine.

Juu ya mukeke, hata wakubwa wa elimu walipotea. Kwa ajili ya wembamba wake walimtenga zamani na jamaa ya capitaine, wakampa jina lake peke yake, Luciolates. Baadaye walipoangalia vizuri wakamrudisha: mukeke ni capitaine mwembamba, basi. Ziwa letu liko na aina nne za Lates, na zote nne hazipatikani pengine duniani. Sangara mkubwa wa Victoria ni ndugu yao, Lates niloticus, lakini yule alipelekwa kule na watu katika miaka ya 1950 na 1960, na alichofanya kule munakijua kwa masomo.

Niseme kidogo juu ya jamaa ya tatu, ile ya ngege na kuhe, kwa kuwa ndiyo jamaa kubwa ya ziwa hili: aina kama 240, na karibu zote ni za hapa tu. Hizi, angalia pua. Samaki nyingi ziko na matundu mawili ya pua kila upande, hata mukeke. Ngege iko na moja tu kila upande. Nimeshangaa sana, miaka kumi na minane nakula ngege na sijawahi kuhesabu tundu za pua yake. Na ule mstari wa ubavu, kwao umekatika: kipande cha kwanza kinapita juu, kinakoma, halafu cha pili kinaanza chini yake kwenda mkiani.

Hapa kuna kitu cha kuchekesha. Katika Tanganyika kuna samaki tatu zenye jina la pili lile lile, microlepis: Lates microlepis, ambayo ni capitaine, Boulengerochromis microlepis, ambayo ni kuhe, na Perissodus microlepis, nitaieleza hapa chini. Microlepis ni maneno ya Kigiriki, maana yake "mwenye magamba madogo". Nilimuuliza mwalimu: sasa, kama zote tatu ziko na magamba madogo, alama hii inatenga nini? Akasema: haizitengi zenyewe kwa zenyewe, inatenga kila moja na ndugu zake. Magamba ya kuhe ni madogo ukiilinganisha na jamaa ya ngege. Ukiweka kuhe kando ya capitaine, lile neno halina maana tena. Ni kama kusema fulani ni mrefu: mrefu kati ya nani? Mimi nilikuwa mrefu sana mpaka nilipofika shule hii.

Nikawaza: vema, sasa nimejua, kila tofauti nitakayoona katika jamaa moja itakuwa alama ya aina. Nikapotea mara ya pili.

Kwenye mawe ya pwani yetu ya kaskazini kunaishi samaki ndogo, Tropheus duboisi. Aliyeipa jina, mwaka 1959, ni bwana Georges Marlier, aliyefanya kazi katika kituo cha IRSAC hapa hapa Uvira, ambacho leo ni CRH. Mtoto wake ni mweusi mwenye madoa meupe mwili mzima, kama usiku wa nyota. Mkubwa hana doa hata moja. Kichwa ni cha buluu, na mwilini amefungwa mkanda mweupe au wa manjano. Kila mtu angesema ni aina mbili. Ni mama na mtoto wake.

Na ya ajabu kuliko zote ni ile Perissodus microlepis. Samaki hii haili nyama wala majani, inakula magamba ya samaki zingine. Inatoka nyuma ya mwenzake kwa kujificha, inamrukia ubavuni, inanyofoa magamba machache na kukimbia. Sasa, kinywa chake hakiko katikati. Kimepinda. Ziko ambazo kinywa kimepindia kuume, na ziko ambazo kimepindia kushoto. Ya kinywa cha kuume inauma ubavu wa kushoto wa mwenzake, na ya kinywa cha kushoto inauma ubavu wa kuume. Ukifanya mfano na mikono yako miwili utaona kwa nini. Ungesema: basi, aina mbili, alama iko wazi. Hapana. Ni aina moja, zinaoana, zinazaa pamoja.

Mtaalamu mmoja wa Japani, Michio Hori, alizihesabu upande huu wetu wa kaskazini-magharibi ya ziwa kwa miaka kama kumi, akatoa habari katika gazeti la Science mwaka 1993. Aliona kama hesabu ya pande mbili inabembea lakini daima inarudi karibu nusu kwa nusu. Sababu ni hii: mwaka ambao wenye kinywa cha kuume ni wengi, samaki zingine zinaumwa zaidi kushoto, zinajifunza kuchunga ubavu wa kushoto. Basi wale wachache wa kinywa cha kushoto wanakuta ubavu wa kuume hauna mlinzi, wanakula vizuri, wanazaa mingi. Wakishakuwa wengi wao, mambo yanageuka. Hakuna upande unaoshinda.

Mimi niliposoma hii nilifunga daftari nikaenda kutembea mpaka kwenye maji. Hapa, kilometre chache toka kitanda changu, wageni wanavuka bahari kuja kuangalia, na sisi tunaogelea juu yake.

Kwa mwenye kutaka kuona: mwalimu ameweka chupa tano katika kabati ya laboratware, ziko na ndakala, lumbu, nyamunyamu, ngege mdogo, na Perissodus mbili zenye vinywa vya pande mbili katika chupa ya mwisho. Ufunguo uko kwangu. Jioni baada ya masomo, isipokuwa Jumatano. Wadogo wa darasa la saba na la nane wasiogope kuja kuomba.

Kaye ya matumizi nayo nimeipiga mistari upya: kuna pahali pa jina la Kalundu, na kando yake pahali pa jina la kwenu. Jumamosi iliyopita ilikuwa tena zamu ya yule mdogo wetu wa Bukavu. Aliandika: "Lumbu / sambaza, beseni 1. Ndani: nyamunyamu 6, nimechomwa mara 6." Nikahesabu mimi mwenyewe, zilikuwa sita kweli. Chini kabisa kulikuwa na moja ingine, haina miba, iko na mstari wa ubavuni, tundu za pua ni mbili kila upande. Tuliinama juu yake mpaka kengele ya chakula ikalia, hatukuitambua, si yeye si mimi. Tumeitia chumvi. Inangojea mwalimu arudi toka Bukavu.